Mbukwa Chini ya Maji

Mrija niliufanyia mazoezi kwenye pipa la bluu
nyuma ya jiko la mama, pale Bahi,
Ndahani akihesabu kwa simu iliyopasuka kioo:
thelathini, arobaini, dada, umekufa au?
Mama akatoka na mwiko, ugali wa mtama umeung'ang'ania,
akatazama kisogo changu, akatazama pipa.
"Ukimaliza kuyasomea hayo maji
usiyamwage. Nina nguo."

Nasomea viumbe wa majini
katika mji ambao bomba hukohoa siku mbili kabla ya kutema.
Ukicheka, cheka. Chuoni walianza kucheka zamani.

Kisha Mafia. Wanafunzi tisa, siku saba,
miwani ya kuzamia yenye harufu ya mpira wa baiskeli.
Mwatumu, mwalimu wetu, akaniona nimekamata ngazi
kama mbuzi anayevutwa mnadani.
"Usipigane nayo," akasema, "maji hayana ugomvi na mtu."
Nikaachia.

Siwezi kueleza vizuri. Nilijaribu kwenye ripoti,
nikaandika *matumbawe*, nikaandika *kina: mita nne*,
nikaandika *kasa mmoja, jike, anakula majani*,
lakini sikuandika kwamba alinitazama
kama anayetazama mgeni aliyekosea nyumba,
kisha akaendelea kula.
Wala sikuandika nilivyolia ndani ya miwani
ikabidi nipande juu kuimwaga.

Siku ya tano, potwe.
Kwanza nilidhani ni kivuli cha wingu,
halafu wingu likafungua mdomo.
Mgongo wote umemwagiwa sarafu, safu kwa safu.
Ningeziokota zile, nikawaza,
ningenunua maji ya kitongoji kizima hadi mvua.
Akapita. Akaendelea kupita. Mkia ulichelewa kufika.
Nami, kwa kuwa nimelelewa kusalimia wakubwa,
nikasema *mbukwa* ndani ya mrija,
na neno likatokea juu kama mluzi wa birika.
Wenzangu wakaniuliza nililia nini safari hii.
Nikameza funda la bahari:
chumvi, binamu yake ileile
bibi aliyoichuja kwenye udongo wa mbuga yetu
kwa kibuyu kilichotobolewa.

Nyumbani mama hakuuliza habari za papa.
"Huko, dumu shilingi ngapi?"
"Bure, mama. Ila hayanyweki."
Alicheka hadi akakaa chini,
akafuta macho kwa ncha ya khanga,
akasema Mungu naye ana utani wake.

Januari mbuga ikajaa.
Pale tulipokuwa tukikata njia kwenda stesheni
mitumbwi ikarudi, na vyura, na korongo wenye miguu ya mkopo.
Nikachukua miwani. Watoto wakanifuata
wakiimba jina langu kwa kejeli, Nyemo wa mrija,
Nyemo wa mrija, hadi ukingoni.

Chini, hakuna kitu.
Maji ya rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Mkono wangu mwenyewe sikuuona.
Hakuna buluu, hakuna sarafu, hakuna Mwatumu.
Nikajilaza tu juu ya giza, napumua,
moyo unapiga kwenye masikio kama mchi wa jirani.
Nikataka kutoka.

Ndipo kitu kikagusa kioo.
Unywele mmoja, laini. Kisha wa pili.
Kisha masharubu manne ya kambare,
taratibu, kama kipofu anayepapasa uso wa mtoto
kujua ni wa nani.
Huyu alikuwa humu kiangazi chote,
chini ya tope nililolikanyaga na viatu vya shule,
tope gumu kama tofali, anasubiri, anahema kidogo kidogo,
na mimi nimesafiri siku mbili kwenda kutafuta samaki.

*Mbukwa*, nikasema.

Ndahani ukingoni alikuwa bado anahesabu,
amefika mia mbili na kitu, sauti imekauka.
"Umeona nini?"
"Sijaona."
"Sasa ulikuwa unafanya nini humo?"
Na mama, aliyekuwa amekuja na beseni
kwa imani zote mbili, ya mama na ya mpishi,
akachungulia mikono yangu mitupu:
"Na mboga iko wapi?"